Kufufua Chombo Kikuukuu



Hapa Mji Mkongwe hakuna asiyeijua sauti ya vespa. Asubuhi mapema, kabla ya Darajani kuchangamka, utaisikia ikipigwa kiki kichochoroni, ikikohoa mara mbili tatu, kisha inashika, na moshi wake unabaki ukielea baina ya kuta hali mwenyewe amekwisha kufika Mkunazini. Baadhi ya vespa hizo zina umri mkubwa kuliko vijana wanaozipanda. Zimekula chumvi ya bahari miaka na miaka. Zimebadilishwa pistoni na ringi mara nyingi. Zimepigwa rangi juu ya rangi. Na bado zinakwenda. Haziendi kwa bahati. Zinakwenda kwa sababu wako watu ambao hawakukubali kuzitupa.

Mazungumzo yetu safari hii yanahusu watu wa namna hiyo, ila tutavuka kidogo vespa ya kwendea kazini. Ziko nchi ambako watu huzitafuta pikipiki za mbio za zamani, zile zilizoundwa miaka ya 1930, ya 1950 au ya 1960 kwa ajili ya kushindana tu, zenye majina kama Norton, Gilera, MV Agusta na Honda. Huzifungua mpaka nati ya mwisho, huzisugua kutu, hukereza upya vyuma vilivyolika, huzifunga, kisha huzipanda tena kwa mbio. Pikipiki hizo hazina taa, hazina kiti cha abiria, wala hazibebi kikapu. Hazifai kwa jambo lolote ila lile moja zililoundiwa. Na gharama yake ni kubwa, kwa fedha, kwa siku, na mara nyingine kwa damu.

Basi swali letu ni hili: je, ni haki mtu kujitoa kwa kitu kama hicho? Ni mapenzi mema, au ni upuuzi uliovishwa jina zuri?

Mtu aweza kusema, "Hayo ni mambo ya watu wa Ulaya, sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu. Mji wetu wenyewe ni chombo kikuukuu kinachofufuliwa kila siku. Tangu 1985 iko Mamlaka yenye kazi ya kuuhifadhi na kuuendeleza, na tangu 2000 umo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kila mwenye nyumba ya mawe ajua maana ya kumwaga mali katika kitu cha kale ambacho pengine kingevunjwa na kujengwa kipya kwa gharama ndogo zaidi. Tena vijana wetu wanapanda pikipiki kila siku, na hamu ya mbio haina kabila wala taifa.

Hata hiyo vespa, ambayo sisi twaijua kwa kubebea samaki na watoto wa skuli, ina nasaba ya mbio. Ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio huko Pontedera, Italia, kiwanda kilichokuwa kikiunda ndege kabla hakijabomolewa kwa mabomu wakati wa vita. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege, na jina lake kwa Kitaliani ni nyigu. Haikupita miaka mitano, Februari 1951, vespa iliyovishwa bodi mfano wa samaki ilikimbizwa katika barabara ya Roma kwenda Ostia ikapita kilomita 171 kwa saa. Hivyo tusimcheke mtu mwenye pikipiki ya mbio kana kwamba ni mgeni. Nyigu wetu wa vichochoroni ni jamaa yake.

Tuanze na shutuma iliyo nzito, nayo ni ya mali. Katika kisiwa ambacho mama anahesabu shilingi za dawa na za madaftari, mtu mwenye akili zake ataachaje fedha ziliwe na injini isiyomfikisha popote? Hatutaki kuijibu shutuma hii kwa haraka, maana wenye kuisema wana haki ya kusikilizwa. Lakini ikichukuliwa nzima nzima itabomoa mengi. Milango ya Mji Mkongwe imenakshiwa kwa kazi ya siku nyingi, wala nyumba haihitaji nakshi ili ifungwe; komeo latosha. Kofia ya viua haihitaji viua vile vyote ili izuie jua. Mtu aliyeondolewa kila kisicho cha lazima habaki mtu kamili. Kwa hiyo hatuwezi kulihukumu jambo kuwa baya kwa sababu tu si la lazima. Yatupasa kuuliza zaidi: jambo hili lamfanya mtu huyu kuwa nani?

Hapo wenye kufufua pikipiki wana jibu, na jibu lao ni zuri. Injini ya kale aghalabu haina vipuri dukani. Fundi hulazimika kupima, kuchora, kukereza, kujaribu, na kuanza tena. Tuchukue mfano ulio karibu, injini ya vespa ya zamani, yenye mapigo mawili. Oili huchanganywa na petroli. Ikipungua, pistoni hukauka ikakwama ndani ya silinda. Ikizidi, plagi hushika masizi na mtaa mzima hujaa moshi. Injini ya mbio ni kali zaidi. Nafasi baina ya pistoni na ukuta wa silinda ni sehemu ndogo ya milimita, na aliyekosea hapo huletewa hesabu yake mara moja.

Chuma hakisikilizi udhuru. Hakijali kwamba fundi ana jina kubwa, au kwamba alikuwa na haraka, au kwamba mteja amekuja mara ya tatu. Kijana aliyekaa miaka miwili mbele ya meza ya fundi wa namna hii amefundishwa mambo ambayo wengi wetu hatuyapati kwa maneno: kwamba kipimo ni kipimo, kwamba kosa lisemwe mapema kabla halijafungiwa ndani, na kwamba aliyeiunda mashine hii miaka sabini iliyopita hakuwa mjinga. Wengi hudhani kuwa wa kale walifanya hivi au vile kwa kukosa akili. Ukiifungua kazi yao mpaka ndani utagundua kwamba mara nyingi walikuwa na sababu, nawe ndiye uliyekuwa huijui. Wazee husema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kazi ya kufufua ni dawa ya ugonjwa huo.

Lakini mapenzi hayo hayo yana upande wa pili. Katika mji wa Invercargill, New Zealand, aliishi mtu aitwaye Burt Munro. Mwaka 1920 alinunua pikipiki mpya ya Kimarekani, Indian Scout, iliyoweza kwenda kiasi cha kilomita 90 kwa saa. Kwa zaidi ya miaka arobaini aliibadilisha kwa mikono yake, akiyeyusha vyuma na kumimina pistoni mwenyewe, akipiga tupa pale ambapo wengine hutumia mashine. Mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, aliipanda katika tambarare ya chumvi ya Bonneville, Marekani, akavuka kilomita 295 kwa saa na kuweka rekodi ya daraja yake. Dunia imempenda, na filamu imetengenezwa juu ya habari zake. Walakini Munro huyo huyo aliachana na mkewe, akaacha kazi, akaishi katika kibanda pamoja na pikipiki zake. Na penye rafu iliyojaa pistoni na vyuma vilivyomvunjikia miaka yote hiyo, aliandika kwamba hizo ni sadaka kwa mungu wa mbio.

Bila shaka ulikuwa mzaha. Lakini mzaha mara nyingi husema lile ambalo mtu hathubutu kulisema waziwazi, na neno sadaka sisi twalijua uzito wake. Hatumhukumu Munro, hatukukaa nyumbani mwake. Twasema tu kwamba kila mtu mwenye mapenzi makubwa ana rafu yake. Wa pikipiki anayo, wa mpira anayo, wa siasa anayo, hata wa kazi za kanisa anayo. Si kosa kuwa na rafu. La kuuliza ni nani aliyelipa vitu vilivyowekwa juu yake. Ikiwa kuna jioni zako mwenyewe, na sigara ulizoacha kuvuta, na safari ulizoacha kwenda, basi umetoa kilicho chako. Ikiwa kuna ada ya mtoto, na chakula alichokula mke peke yake mwaka baada ya mwaka, basi umetoa cha mwingine bila ya kumwuliza. Hiyo si sadaka tena. Ina jina jingine, nalo kila mtu alijua tangu utotoni.

Jambo la pili ni la ukweli. Pikipiki iliyotoka kiwandani mwaka 1955, ikaanguka mara nne, ikabadilishwa fremu, tangi, magurudumu na nusu ya injini: je, ndiyo ile ile? Swali hili ni la kale sana. Waathene walikitunza chombo cha shujaa wao Theseus, wakitoa ubao uliooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika, wengine wakisema ni kile kile na wengine wakisema sicho. Mwandishi Plutarch ndiye aliyetuachia habari hiyo. Lakini hatuna haja ya kwenda Athene. Nenda ukamwulize mwenye jahazi. Ubao hubadilishwa, kalafati hupigwa upya, tanga hushonwa jingine, mlingoti huja mwingine, na jina linabaki lile lile. Mwenye jahazi hasumbuliwi na falsafa. Anakijua chombo chake. Kinachokifanya kiwe kile kile ni kwamba hakikupita kipindi ambacho hakikuwa mikononi mwa watu waliokijua na kukitunza, nao wakipokezana habari zake.

Ukikubali hayo utaona mara moja mahali ambapo udanganyifu huingia. Pikipiki iliyopandwa na bingwa huuzwa ghali kuliko dada yake aliyetoka naye kiwandani siku moja. Basi huja mtu akachukua injini huku na fremu kule, akagonga namba juu ya chuma kipya, akaiita pikipiki ya bingwa. Mtu mwingine hutengeneza mfano mpya wa Norton ya mbio kwa ustadi ule ule, akasema wazi kuwa ni mfano, na watu hushindana nao kwa furaha. Kazi za mikono ya watu hawa wawili zaweza kulingana kabisa. Spana ni zile zile, rangi ni ile ile. Tofauti yao ni neno moja, ambalo huyu amelisema na yule amelificha.

Tunao mfano mzuri nyumbani kwetu. Wageni wanaoingia Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, huonyeshwa nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyeanza ujenzi mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, hakuwapo mafundi walipozisimamisha, naye aliporudi akaziacha zilivyo. Tangu hapo Kanisa limefanyiwa matengenezo, wala hakuna aliyezigeuza. Kuzigeuza kungelisahihisha jengo na kuipotosha habari yake. Mtu aliyeelewa kwa nini nguzo zile ziachwe, ameelewa nusu ya maadili ya kufufua kitu chochote: usikipe kitu sura njema ambayo hakikuwa nayo.

Nusu ya pili ni kwamba uzuri wa nje usifunike ugonjwa wa ndani. Kuta zetu za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua. Ukizipaka saruji zitang'aa, lakini unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na ukuta huoza nyuma ya uso mzuri. Kadhalika na fundi anayeujaza ufa wa fremu, kuupiga msasa na kuupaka rangi. Pikipiki itapendeza. Kisha siku moja mpandaji, akiinama kwenye kona, ataukuta ule ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa. Lakini aliyeufunika ufa kwa rangi amefanya vibaya kuliko asiyeuziba, maana amemnyima mwenzake nafasi ya kuuona.

Na hilo latufikisha kwenye jambo la tatu, lililo zito kuliko yote, yaani kupanda. Pikipiki hizi ziliundwa wakati ambapo mpandaji alivaa ngozi nyepesi na kofia dogo, akipita baina ya kuta za mawe na nguzo za simu. Katika kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, mashindano yalianza mwaka 1907, na tangu 1911 yamekuwa yakipita njia ya milimani yenye urefu wa kilomita 60 kwa mzunguko mmoja, katika barabara za kawaida zinazofungwa kwa muda. Watu zaidi ya 250 wamekufa katika njia hiyo.

Mmoja wa mabingwa wa njia hiyo alitoka bara letu. Gary Hocking alizaliwa Wales akakulia Bulawayo, katika nchi iitwayo sasa Zimbabwe. Mwaka 1961 alikuwa bingwa wa dunia wa madaraja mawili kwa pikipiki za MV Agusta. Juni 1962, rafiki yake Tom Phillis wa Australia alikufa katika mashindano ya kisiwa cha Man. Siku chache baadaye Hocking alishinda mbio kubwa ya juma lile, kisha akaomba aachiliwe na kampuni yake, akarudi nyumbani, akaachana na pikipiki kabisa. Alikuwa ameona. Lakini hamu haikumwacha. Aligeukia magari ya mbio, na Desemba ya mwaka ule ule akafa katika mazoezi karibu na Durban, akiwa na umri wa miaka 25.

Mwingine ni Giacomo Agostini wa Italia, aliyechukua ubingwa wa dunia mara 15. Mwaka 1972 rafiki yake Gilberto Parlotti alikufa katika njia ile ile ya kisiwa cha Man. Agostini akasema hatashindana tena pale, na akashika neno lake. Wengine wakamfuata, na baada ya 1976 mashindano yale yakaondolewa katika hesabu ya ubingwa wa dunia. Agostini aliendelea kushindana kwingine na akastaafu salama. Twadhani ushindi wake mkubwa ni ule wa kusema "basi" mahali ambapo kila mtu alimtazamia aseme "ndiyo".

Tusidhani kwamba kufa kwa ajili ya vitu vya kale ni mambo ya pikipiki tu. Tarehe 25 Desemba 2020, siku ya Krismasi, sehemu ya Beit el Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Unguja nzima ililisikitikia jumba, na ilikuwa haki kulisikitikia. Lakini jumba laweza kusimamishwa tena, jiwe kwa jiwe, kwa picha na vipimo. Wale wawili hawana fundi wa kuwasimamisha.

Hapo, wasomaji wetu, ndipo twaona kiini cha jambo lote. Ufundi wa kufufua hufanya kazi juu ya vitu, wala haufanyi kazi juu yetu. Tangi lililobonyea hunyooshwa. Injini iliyokwama hufunguliwa. Hata pikipiki iliyoungua hujengwa upya na watu wakakubali kuwa ni ile ile. Mtu hana kipuri cha shingo. Yule aliyeuzoea ufundi huo kila jioni ana hatari moja ya pekee, nayo ni kusahau kwamba yeye mwenyewe hayumo katika vitu vinavyotengenezeka.

Je, basi tuseme pikipiki ya mbio isipandwe kamwe? Hatusemi hivyo. Mike Hailwood, Mwingereza, ambaye wengi humhesabu kuwa mkubwa kuliko wote, alirudi kisiwa cha Man mwaka 1978, baada ya miaka 11, akashinda akiwa na umri wa miaka 38. Hakufa pale. Alikufa Machi 1981 kwa ajali ya barabara ya kawaida, iliyompata akiwa na wanawe katika gari wakienda kununua samaki na chipsi. Lori liligeuka mbele yao, na bintiye pia akafa. Anayetaka maisha yasiyo na hatari hatayapata, hata akikaa mbali na pikipiki. Kwa hiyo hatari peke yake si dhambi. Yatupasa kuuliza hatari hiyo inabebwa na nani, je amekubali kuibeba, na ni kwa ajili ya nini.

Katika uwanja uliofungwa, wanaoshindana wamekubali. Kichochoroni hakuna aliyekubali. Mtoto anayetoka mlangoni na bakuli la uji hakujiandikisha katika mashindano yoyote. Bibi anayevuka barabara ya Michenzani hakuja kutazama mbio. Kijana anayeifungulia moto mashine yake baina yao amewaingiza katika mchezo wake bila ya ridhaa yao, na uhodari wake wote haulipi deni hilo. Tena asiseme, "Roho ni yangu." Si yake peke yake. Yuko aliyemlea, yuko atakayemuuguza, yuko atakayeitwa usiku kwenda hospitali ya Mnazi Mmoja kumtambua.

Huyo Hailwood ametuachia pia kipimo cha kumjua mpenda mbio aliye mzima wa moyo. Mwaka 1973, katika mashindano ya magari huko Kyalami, Afrika ya Kusini, gari lake liligongana na la Clay Regazzoni, na gari la Regazzoni likashika moto. Hailwood alishuka, akaenda kumtoa. Nguo zake mwenyewe zikawaka. Akazimwa, akarudi tena motoni, akamtoa mwenzake akiwa hai. Alipewa nishani kwa ujasiri huo. Mbio zilikuwa zikiendelea, naye hakuzijali. Alizipenda mbio maisha yake yote, lakini hazikuwa bwana wake. Palipokuwa na mtu, mbio ziliachwa mara moja bila ya kufikiri mara mbili.

Limebaki shauri la wale wasemao: basi tuziweke pikipiki hizi katika nyumba ya makumbusho, zitazamwe tu, yaishe. Ni shauri la salama, nasi twaliheshimu, lakini lina upungufu. Mashine isiyozunguka hufa kwa namna yake: mipira hukauka, petroli huganda katika kabureta, kutu huingia kimya kimya. Na hasara kubwa zaidi ni ile ya ujuzi. Tukumbuke mtepe, chombo cha pwani yetu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila ya misumari. Ulikoma kuundwa katika karne iliyopita. Ulipotakiwa mmoja kwa ajili ya makumbusho ya Beit el Ajaib, ukaundwa mwaka 2003, mafundi walilazimika kujifunza tena mambo ambayo babu zao waliyajua kwa vidole, maana mikono iliyozoea haikuwapo tena. Kitu chaweza kukaa karne nzima ndani ya kioo. Ujuzi haukai ndani ya kioo; hukaa ndani ya mtu, na usipohamishiwa kwa mtu mwingine hufa siku afapo yeye.

Kwa sababu hiyo sisi twaona kwamba kuzipanda ni halali, kwa kiasi, mahali palipofungwa, na mtu akiwa amevaa vya kumlinda. Tena apande kama mtu anayekijua anachokipanda, si kama mtu anayetaka kumshinda marehemu aliyekipanda zamani. Na twaona kwamba thamani ya kazi hii haimo katika chuma hata kidogo. Imo katika yule kijana aliyeketi kando, akishika taa, akipewa spana, akiambiwa, "Sikiliza, mlio huu si wake." Fundi mwenye pikipiki kumi zinazong'aa, asiye na mwanafunzi hata mmoja, ameweka akiba mahali pabaya.

Tukikusanya yote, mwenye kupenda chombo kikuukuu, kiwe pikipiki, jahazi au nyumba ya mawe, ajiulize mambo manne. Nani anayelipa mapenzi yangu haya? Nimesema kweli juu ya kilicho kipya na kilicho cha kale katika chombo hiki? Hatari yake nimembebesha nani? Na siku nitakapoondoka, ni nani atakayejua ninayoyajua? Akiweza kuyajibu manne haya mbele ya mkewe na wanawe bila ya kuinamisha macho, basi na aende na tupa yake na oili yake, nasi tumtakie heri. Akishindwa hata moja, asikivunje chombo; aanze matengenezo kwake mwenyewe. Huko pia kazi ni ile ile ya kufungua, kusafisha na kusema kweli, na saa ya kuianza ni leo, mwenyewe angali hai.